Umeanza kukohoa lini?

Hotuba ya muuza dawa za asili kwa wauzaji wenzake na wakazi wa mtaa, Temeke, Dar es Salaam, Agosti 31, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika

Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, wazee wangu, wauzaji wenzangu, mama zangu mliokuja na watoto mgongoni, vijana mliosimama pembeni kwa kukosa viti: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Waliozoea assalaam alaykum nawasalimu hivyo, na waliozoea Tumsifu Yesu Kristo na Bwana asifiwe wapokee zao.

Kuna sinia linazunguka kutoka huku mbele. Kila mmoja achukue jani moja, asilitafune. Lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha nusa. Hatuna haraka, nitangoja lifike nyuma.

Hiyo ndiyo pakanga. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hata kama jani hawajawahi kuliona: katika Ufunuo kuna nyota iitwayo Pakanga, ikaanguka na kuyatia maji uchungu. Mimi nililijua kwanza kwa ulimi. Nilizaliwa milimani upande wa Lushoto, kwenye baridi na ukungu, na mtoto wa kwetu hakumaliza msimu wa kipupwe bila kushikwa pua na bibi yake na kumiminiwa kijiko. Uchungu wake hauishi ukimeza. Unakaa nyuma ya ulimi mpaka saa ya chakula.

Litazameni hilo jani. Limechanika-chanika kama unyoya wa kuku. Juu ni kijani kilichofifia, chini ni rangi ya majivu kwa sababu ya vinyweleo. Wataalamu wanaliita Artemisia afra, na linaota sehemu za juu zenye baridi kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Kwetu lipo Usambara, Kilimanjaro, Meru na nyanda za juu kusini. Hapa Dar nimejaribu kulipanda mara mbili kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Likaota, likarefuka, likakonda, halafu harufu ikawa hafifu. Nikaacha. Tangu hapo naletewa kwa basi, kwenye viroba.

Na hiyo harufu mliyonusa mnaijua kwa vipande vipande. Kuna karafuu maiti ndani yake. Kuna sineoli, ambayo ndiyo inayofanya mkaratusi unukie vile na kuzibua pua. Hayo ni mafuta, na mafuta ya namna hiyo hayakai, yanaruka. Ndiyo maana majani haya huanikwa kivulini. Ukiyatandaza juu ya bati jua la Dar likayapiga kutwa nzima, jioni utakusanya majani makavu mazuri ya kutazama ambayo hayana kitu. Wenzangu, mteja akija mezani kwako mwache asugue na anuse. Akinusa asisikie kitu, usimuuzie.

Bibi yangu alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini mtu akipika pakanga bila kifuniko alikuwa anaondoka jikoni bila kusema neno. Yeye alichota majani makavu kwa ncha za vidole vitatu, akayaweka kwenye kikombe cha bati, akamimina maji yaliyotoka kuchemka, papo hapo akageuza kisahani juu. Hakuna kuchungulia. Akishakaa kama dakika kumi, alikiinua kile kisahani polepole na kukikung'utia ndani ya kikombe, yale matone ya mvuke yaliyoganda chini yake yarudi. Nilidhani ni tabia ya uzee. Nilipokuja kuelezwa habari ya yale mafuta yanayoruka ndipo nilipoelewa kwamba bibi alikuwa anarudisha dawa kikombeni. Ile harufu nzuri inayojaa jikoni unapochemsha sufuria wazi ni dawa inayokwenda zake.

Sasa kikombe hicho kinafanya nini kifuani? Naomba nilijibu hili kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo sisi wauzaji tunapopenda kupanda jukwaani. Maji ya moto yenyewe yanalegeza ute na kupoza koo linalowasha. Mvuke wenye sineoli unazibua pua. Uchungu unajaza mate mdomoni, na koo lililokauka linapata unyevu. Mafua ya kawaida huwa yanaondoka yenyewe, kwa hiyo kazi ya kikombe ni kumfanya mtu apumzike wakati mwili unajipigania. Si kazi ndogo. Mama aliyekesha na kikohozi siku tatu anajua thamani ya usiku mmoja wa usingizi.

Tena watu wa maabara hawalicheki jani chungu. India wana kichaka chao kiitwacho vasaka, majani yake machungu sana, wameyatumia kwa kikohozi na pumu kwa karne nyingi. Kutokana na kiini cha majani hayo wataalamu walitengeneza bromheksini, dawa ya kulainisha makohozi iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Mpaka leo ukiingia duka la dawa ukasoma vizuri maandishi madogo kwenye chupa za kikohozi utaikuta. Na mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza jambo ambalo mimi niliposikia nilikaa kimya muda mrefu: kwamba misuli inayozunguka njia za hewa ndani ya mapafu ina vipokeo vya uchungu, vya jamii ile ile iliyo kwenye ulimi, na vikiguswa na kitu kichungu misuli inalegea na njia inapanuka. Mapafu yanaonja! Lakini sikilizeni na nusu ya pili. Hayo yalionekana kwenye seli na kwa wanyama wa maabara, na kitu kichungu kiliwekwa pale pale kwenye njia ya hewa. Chai unayokunywa inakwenda tumboni. Kwa hiyo asije mtu kesho akabandika karatasi mezani kwake akaandika kwamba pakanga inafungua mapafu na sayansi imethibitisha.

Niseme upesi na jambo la malaria, maana tangu mwaka 2020 watu wamekuwa wakichanganya. Ule mmea wa China ambao Tu Youyou na wenzake walitoa artemisinini mwaka 1972, akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ni Artemisia annua, ndugu wa hii iliyo mkononi mwenu, lakini si hii. Ndiko ilikotoka dawa mseto tunayopewa zahanati. Na hata huo wenyewe, Shirika la Afya Duniani halipendekezi kunywa majani yake kama chai kutibu malaria. Mtu ana homa, akapime damu. Basi.

Nirudi kwenye kikohozi.

Nilifika Dar mwaka 1989, na miaka miwili baadaye nikawa na meza yangu ya majani. Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua za El Niño zikiwa zimeanza, baba yangu mdogo alikuja kutoka nyumbani kutafuta kazi. Tulikuwa Tandika, chumba na ukumbi: mimi, marehemu mume wangu, mwanangu wa miaka mitatu, na baba mdogo akilala ukumbini. Alipata kazi ya kubeba mizigo Kariakoo. Mnaokumbuka msimu ule mnajua, nguo zilikuwa hazikauki, kuta zinatoa jasho, mtaa mzima unakohoa. Naye akaanza kukohoa. Na mimi nilikuwa na dawa.

Nilimpikia asubuhi na jioni, kikombe kimefunikwa kama alivyonifundisha bibi. Wiki ya kwanza kikohozi kikapungua. Wiki ya pili akalala usiku kucha. Asubuhi namuuliza, "Baba, umelalaje?" ananijibu, "Nimelala, mwanangu. Leo sikukohoa kabisa." Nilijisikia fahari ambayo siwezi kuieleza. Nilikwenda kumwambia jirani.

Kikarudi. Nikaongeza majani. Kikapungua tena, kikarudi tena. Januari, Februari. Mkanda wake wa suruali alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, halafu akatoboa la pili. Nilikuwa nayaona yale matundu kila alipoinama kufunga viatu. Nilisema moyoni, ni mizigo, kazi ya kubeba inakondesha. Usiku alikuwa analowa jasho mpaka shuka linaanikwa asubuhi. Nilisema, ni joto la Dar, mtu wa milimani hajalizoea. Ndugu zangu, jiji letu lina majibu mengi ya uongo kwa kifua. Mtu akikonda ni maisha magumu. Akitoka jasho ni joto. Akikohoa ni vumbi la barabarani au moshi wa mkaa. Kila dalili ina kisingizio chake kinachoikubali, na mimi nilivikubali vyote.

Mwezi wa tatu alikohoa kwenye leso akaikunja haraka, lakini nilishaona wekundu. Tulipofika hospitali daktari hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Ameanza kukohoa lini?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole mbele yake. Novemba. Desemba. Januari. Februari. Machi. Vidole vya mkono mmoja vikaisha.

Ilikuwa kifua kikuu. Alianza dawa, na wiki ya tatu akafariki. Miezi michache baadaye mwanangu akaota tezi shingoni, hapa chini ya sikio, halikuuma, nilidhani ni jino. Lilikuwa TB vilevile. Yeye alimeza dawa miezi sita, akapona, leo ni baba wa watoto wawili. Lakini alama ipo shingoni, na kila akigeuza kichwa naiona.

Siwaambii haya ili mnihurumie. Miaka mingi nilibaki na swali ambalo halikuniacha: kama pakanga haikumsaidia, mbona alilala? Mbona kikohozi kilipungua, nilikisikia kwa masikio yangu? Jibu nilikuja kulipata kutoka Afrika Kusini, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Walichukua pakanga hii hii. Kwenye maabara kiini kilichotolewa kwenye majani yake kilizuia bakteria wa TB kukua. Wangeishia hapo tungepiga vigelegele nchi nzima. Hawakuishia hapo. Waliwapa panya walioambukizwa TB, wakatazama mapafu yao. Uvimbe kwenye mapafu ulibadilika, dawa ilikuwa imefanya kitu. Lakini bakteria hawakupungua. Waliendelea kuzaana kama kwamba hakuna kilichotokea.

Panya ni panya na mtu ni mtu, naelewa. Lakini nilipoelezwa hayo niliuona ule ukumbi wa Tandika. Jani linaweza kutuliza kifua na kumwacha adui ndani. Usiku wa usingizi niliomwonea fahari ulikuwa usiku wa kweli, na ndio uliotuchelewesha. Pakanga isiyofanya kitu ingekuwa salama zaidi kwake, maana ningeitupa wiki ya pili tukaenda kupima.

Kuna wazee watasema, mbona mababu walitibu TB kwa mizizi? Mimi ni mtu wa mizizi na majani, nitawajibu kwa heshima. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha chini ya Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo hakukuwa na dawa ya kuua bakteria huyo popote duniani. Ya kwanza, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943. Wagonjwa walipewa kitanda, chakula na hewa safi ya mlima. Pakanga imejaa mlima ule. Waliijua wote, Wachaga wanaijua tangu enzi. Ingekuwa inamaliza kifua kikuu, nani angekwenda kulala Kibong'oto miezi na miezi mbali na mke na migomba yake?

Kwa hiyo mezani kwangu kuna desturi moja. Mteja akisema nataka dawa ya kifua, mkono wangu hauendi kwenye jani. Namuuliza kwanza: umeanza kukohoa lini? Wengi wanasema "juzi juzi", na juzi juzi ya Kiswahili inaweza kuwa miezi mitatu. Hapo namkumbusha kwa matukio. Mwezi ulipoandama ulikuwa unakohoa? Shule zilipofunguliwa? Kodi ya nyumba ulipoilipa mara ya mwisho? Hapo ndipo ukweli unapotoka. Ikiwa ni wiki mbili au zaidi, naweka jani chini na kumweleza aende akapimwe makohozi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI hangoji wiki mbili, hata siku chache za kikohozi zinatosha kwenda. Na aliye na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au damu kwenye makohozi, huyo hata kukaa kwenye benchi langu simruhusu, namwonyesha njia.

Kupima kwenyewe si mateso. Unatema kohozi la asubuhi kwenye kikopo. Kuna mashine ya kisasa ambayo ikishawekewa sampuli inatoa jibu kwa kama saa mbili, na inasema pia kama bakteria amekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Kule Morogoro wamefika mpaka kuwafunza panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja anapitia sampuli mia kwa dakika kama ishirini, na amekwisha kuonyesha wagonjwa ambao darubini iliwapita. Mimi ninayeishi kwa pua, kwa kunusa majani, nampa yule panya heshima yake. Na dawa za TB ni bure. Nasema tena kwa walioko nyuma: bure. Miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne pamoja, minne iliyobaki dawa mbili.

Hapa nataka wauzaji wenzangu mnisikilize peke yenu. Mgonjwa akishaanza dawa zile, mkojo wake unageuka rangi ya chungwa. Ni rifampisini, haina neno. Lakini yeye anaogopa, na akiogopa harudi zahanati, anakuja kwetu. Anakuja ananong'ona, "Mama, nina damu kwenye mkojo, nipe kitu cha kusafisha." Ukimpa mzizi na kumwambia apumzishe zile dawa, umemrudisha mwanzo, tena vibaya zaidi, maana anayekatisha anaweza kutengeneza TB sugu. Halafu dawa zile zina uzito kwenye ini. Ukimwongezea mchanganyiko wako kimya kimya, ini linabeba mizigo miwili na daktari hajui wa pili ni nini. Kijana mmoja, konda wa daladala, alinijia hivyo. Nilimkalisha, nikamweleza rangi ile inatoka wapi, nikamsindikiza mpaka mlango wa zahanati. Alikasirika njia nzima. Mwaka uliofuata alikuja kuninunulia pakanga ya mama yake mwenye mafua, akahesabu siku mwenyewe kabla sijauliza: "Ni siku ya nne leo, mama."

Mnaohofia kupoteza wateja, huyo konda ni jibu langu.

Na tusiseme uongo juu ya majani yetu. Mwarobaini ulipewa magonjwa arobaini na wahenga, pakanga sisi tumeipa mia: sukari, presha, nguvu za kiume, kusafisha nyota. Nimesikia kwa masikio yangu, kipaza sauti kimefungwa juu ya gari. Nimeonja pia unga wa "mitishamba ya kifua" wenye ladha ya vidonge vya dukani vilivyosagwa. Anayefanya hivyo anaua, na anatuua na sisi. Tangu mwaka 2002 tuna sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala na baraza letu. Muhimbili ina taasisi nzima inayochunguza dawa hizi. Tulipigania kuheshimiwa, sasa tuufanye ukweli uwe wa kwanza kwenye fungu la majani.

Mama zangu, ninyi sasa. Pakanga ina kitu kiitwacho thujoni. Kikizidi mwilini kinasumbua ubongo na kinaweza kuleta degedege. Kwa hiyo mwenye kifafa asiinywe. Mjamzito asiinywe kabisa, inaweza kutikisa mimba. Anayenyonyesha aiache. Watoto wadogo msiwape; najua bibi yangu alitupa, na nampenda bibi yangu, lakini hili silirithi. Kwa mkubwa, kikombe kimoja au viwili kwa siku, siku chache, imetosha. Ukiona unataka kuongeza majani kama nilivyoongeza mimi, hiyo ndiyo siku ya kwenda kupima.

Mtoto aliyezidi mwaka mmoja anayekohoa, kijiko cha asali kinamtuliza. Chini ya mwaka mmoja asilambe asali hata kidogo, inaweza kumtia sumu. Na kumfukiza mtoto chini ya blanketi na sufuria ya maji ya moto, tafadhali acheni. Nyungu imewababua wengi.

Mtoto ana lugha yake ya kifua, na inasomeka. Akiwa ametulia, halii, hanyonyi, fungua nguo yake, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, uhesabu kwa dakika moja nzima kwenye simu yako. Wa chini ya miezi miwili akifika 60, wa miezi miwili mpaka kumi na moja akifika 50, wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40, hiyo inaweza kuwa nimonia. Mpeleke sasa hivi, usingoje kupambazuke. Ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usihesabu hata dakika, beba mtoto. Naomba kila aliye na mtoto mapajani hapa afungue kanga tujaribu pamoja. Nitasema anza, na nitasema basi. Haya... anza.

Basi. Ahsanteni. Mnaona, ni dakika moja tu, na wengine hamkuwa mmewahi kuitazama.

Nimeshaongea vya kutosha na jua linahama. Pale mlangoni nimeweka meza. Upande wa kulia kuna vikombe, maji yanachemka, na majani ni ya kiroba kilichofika juzi. Upande wa kushoto amekaa muuguzi na vikopo vya makohozi, amekubali kutuazima alasiri yake. Anayekohoa tangu juzi, ile juzi ya kweli, apite kulia. Aliyezidisha wiki mbili aanze kushoto. Kikombe chake nitakifunika kwa kisahani, atakikuta bado cha moto.